Abiria wa Jumanne

Sajini Gao Xiuqin alipiga magoti mbele ya kiti cha dirishani, safu ya saba, akatumbukiza mkono ndani ya mfuko wa kiti cha mbele kama mkunga. Akatoa kadi ya maelekezo ya kujiokoa, mfuko wa kutapikia ambao haujatumika, maganda ya karanga za abiria asiyejulikana na, chini kabisa, kidude cheupe cha plastiki chenye mdomo wa kubana, ukubwa wa kibanio cha nguo.

"Hiki ndicho kilicholia?"

Peijun, mhudumu wa ndege, alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati amejikumbatia. Ndege ilikuwa imeegeshwa tangu saa saba mchana, mlango wazi, na upepo wa visiwa vya Penghu wa mwezi wa kumi na mbili ulikuwa unapita ndani bila kubisha hodi.

"Sijui kama ndicho, Afande. Nilisikia mlio. Ti, ti, ti, halafu ukakatika. Nikauliza nini hicho, yule mzee wa kiti cha pembeni akasema ni saa yake."

"Ulimwona ana saa?"

"Ningemwonaje? Rubani alikataza mtu kusimama, ndege inarushwa kama chapati. Niliuliza kwa kupiga kelele kutoka kule mbele."

Gao akakitia kidude kwenye mfuko wa nailoni, akaandika namba ya kiti na saa. Vidude vya namna ile alivijua. Mgonjwa hubanwa kidoleni, kioo kikaonyesha mapigo ya moyo na hewa iliyomo kwenye damu. Mapigo yasipopatikana, kioo huonyesha vistari viwili, na kidude hulia.

Kesi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Mzee Ou Tianci, umri miaka themanini na minne, mgonjwa wa ini, alipanda ndege Kaohsiung akiwa na rangi ya manjano kama karatasi za kuwachomea wafu. Alikuwa anarudishwa kijijini kwake Kanghou ili akafie nyumbani. Saa saba na dakika kumi akateremshwa kwa kiti cha magurudumu. Saa nane kasoro dakika kumi akaingizwa ukumbini kwake. Daktari wa zahanati alipofika saa tisa kasoro robo alimkuta amekwisha kufa, akasema amekufa kati ya robo saa na saa mbili zilizopita, maneno ya daktari anayetaka kurudi kwenye chai yake. Watu wa gari la wagonjwa ndio hawakusaidia kabisa. Safari za namna hii wao huwa hawamtazami mtu usoni. Kazi yao ni kumfikisha mlangoni akiwa hai, na anayechunguza sana njiani hujitafutia matatizo.

Kama mzee alifia nyumbani, hayo yalikuwa mambo ya kwake na mababu zake. Kama alifia angani, yalikuwa mambo ya Gao: mwendesha mashtaka aitwe, maiti ipelekwe mochwari, na ikitoka huko hakuna mlango wa Kanghou ambao ungeipokea. Maiti iliyopoa nje haiingii kijijini. Hulazwa chini ya turubai kando ya barabara kuu, nje ya mpaka, na turubai la Penghu wakati wa baridi linataka wanaume wanne wa kulishika.

Habari zilikuwa zimeshatembea. Peijun alimnong'oneza mfagiaji wa uwanja kwamba mgonjwa aliteremka kama gogo. Mfagiaji ni mtu wa Kanghou. Na mkuu wa kijiji, Mzee Hong, alikuwa na habari hizo kabla gari la wagonjwa halijafika. Alimpigia Gao simu mwenyewe.

"Nakungoja mpaka jua lizame," alisema. "Ukiniambia alifia kwake, tutamzika kama mtu. Ukiniambia alifia juu huko, au ukinyamaza, namtoa nje. Nina nyumba tisini hapa, mwanangu, na kila nyumba ina mtoto au mgonjwa wa kuogopewa."

Jua lilikuwa linazama saa kumi na moja na robo. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu.

Gao akafungua orodha ya abiria. Warsiti, mwanamke wa Java aliyekuwa akimtunza mzee, alipewa kiti safu ya kumi na moja, kwa sababu tiketi zilikatwa kwa haraka. Kiti cha kando ya mgonjwa kilikuwa cha Cai Jinshui.

"Huyo ni Mzee wa Jumanne," Peijun akasema. "Sisi tunamwita hivyo. Kila Jumanne anakuja na ndege ya saa sita na nusu, anarudi na inayofuata. Hana hata begi. Chupa ya chai tu. Leo ndege haijaruhusiwa kuruka, ndiyo maana bado yuko kwenye jengo la uwanja."

Gao akapekua kompyuta ya mkononi ya kazini. Safari arobaini na moja mwaka huu, kwenda na kurudi siku ileile, mikono mitupu. Polisi wana majina ya mtu wa namna hiyo, na hakuna hata moja la heshima.

"Halafu, Afande, kuna jambo. Yule dada alimwomba wabadilishane viti akae na mgonjwa wake. Akakataa."

"Angepewa kiti gani?"

"Cha yule dada. Kizuri tu, na jirani yake hakuna mtu, unaweza kutandaza koti. Ningekuwa mimi ningekimbia. Unaketi na mgonjwa wa vile, macho ya manjano, unamsikia anavyovuta pumzi, kwa nini?"

"Njia nzima walikaa kimya?"

"Kimya? Yule mzee hakufunga mdomo. Anamwonyesha njia kama anaongoza watalii. 'Sasa tunaacha nchi kavu, kaka mkubwa. Sasa tuko juu ya maji. Sasa tunakata kona, nishike vizuri, twende pamoja.'"

Kalamu ya Gao ikasimama. Akamtazama yule msichana, mtoto wa Taipei, wa maghorofani. Maskini hakujua amesema nini.

"Hayo ya kona," Gao akauliza taratibu, "yalikuja kabla ya ule mlio au baada?"

"Baada. Kabla ya hapo alikuwa anaongea maneno ya kawaida tu."

*

Ofisi ya polisi ya uwanja ilikuwa na meza mbili, na moja haikuwa na mwenyewe tangu koplo ahamishiwe Tainan. Juu yake kulikuwa na birika na chombo cha chakula cha mtu mmoja. Mzee Cai aliingia, akavitazama viti vinne vilivyopangwa ukutani, akakivuta kimoja mpaka goti lake likakaribia kugusa meza ya Gao. Akaipakata chupa yake ya chai kama mtoto.

"Jina."

"Cai Jinshui. Miaka sitini na tisa. Nilikuwa mkaguzi wa tiketi za mabasi, nimestaafu. Niko hai, kama na hilo linaandikwa."

"Umekuja Penghu kufanya nini?"

"Kutembea."

"Umetembea wapi?"

"Kutoka kwenye ndege mpaka kwenye tambi. Kutoka kwenye tambi mpaka hapa kwako."

"Mara arobaini na moja mwaka huu."

"Arobaini na mbili. Mwezi wa saba kuna siku waliandika jina langu vibaya."

Gao akamwambia atoe vilivyomo mifukoni. Vikatoka kitambulisho, tiketi ya kurudia, leso na ufunguo mmoja. Akaifungua chupa, akainusa. Chai, na imejaa mpaka kwenye kizibo.

"Unasafirisha nini, Mzee Cai?"

"Makalio yangu. Mnatoza ushuru?"

"Mzee Ou alikuwaje ulipokaa naye?"

"Mgonjwa. Lakini mzungumzaji, mtu safi. Katikati ya safari akaomba maji, yule binti akaleta kikombe, akanywa mafunda mawili akashukuru. Alikuwa mzima mpaka magurudumu yanagusa chini. Andika hivyo hivyo."

Gao akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, bila haraka. Kisha akageuza ukurasa.

"Leo hakuna abiria aliyepewa maji. Wahudumu walikuwa wamefungwa mikanda tangu Kaohsiung."

Cai akakohoa. "Basi nilimpa chai yangu."

"Chupa imejaa."

"Mimi huwa naijaza sana."

"Na ile saa yako iliyolia, leo umeisahau wapi?"

Mzee akautazama mkono wake wa kushoto, akaurudisha ndani ya mkono wa sweta.

"Mimi ni mtu wa Baisha, hapa hapa Penghu," Gao akasema. "Baba yangu tulimrudisha nyumbani kwa gari. Kila tulipofika darajani kaka yangu alimwinamia: baba, tunavuka daraja, shika vizuri, twende pamoja. Alikuwa ameshakufa tangu mlangoni mwa hospitali. Tulimsemesha ili roho isipotee njia. Maneno hayo hatumwambii mtu mwenye uhai, Mzee Cai. Aliye hai kona anaiona mwenyewe."

Upepo ulilitikisa dirisha. Huko nje, kwenye ukumbi wa abiria, mtu alikuwa anasogeza viti vitupu ili apige deki.

Cai akaiweka chupa mezani.

"Kilianza kulia tukiwa tumeshaacha nchi kavu," akasema. "Nikatazama, vistari viwili. Nikamgusa mkono, barafu. Macho nusu wazi, barakoa haipandi wala haishuki. Nikamwambia, kaka mkubwa, hivi ndivyo unavyonifanyia? Dakika ishirini tu zimebaki. Nikakitoa kidude, nikakizika mfukoni mwa kiti. Binti akapiga kelele kuuliza, nikasema ni saa."

"Kwa nini?"

"Mama yangu alifia hospitali ya Kaohsiung. Tulimleta kwa meli. Watu wa kijiji chetu, huko Xiyu, wakatupatia turubai, kwa siku kumi na moja. Zamu ya mchana ilikuwa yangu. Mara mbili turubai lilinitoka mikononi." Akakigusa kizibo cha chupa. "Huyu mzee simjui. Lakini yeye hakuwa na mtu wa kushika turubai hata mmoja. Mtoto wake yuko Kanada, hapokei simu. Ana yule mama wa Java tu, na ule upepo ungembeba na turubai lake."

"Mama huyo alikuomba kiti ukamnyima."

"Jirani ya kile kiti hakukuwa na mtu."

"Ndiyo. Ungekaa kwa raha."

"Ndiyo sababu nikamnyima."

Gao hakuelewa, na alipoelewa hakuandika. Safari arobaini na mbili. Ndege inachukua dakika thelathini na tano, na muda wote huo kuna mtu kando yako aliyefungwa mkanda, hawezi kuinuka akaondoka.

"Watu wengine hujifanya wamelala," Cai akasema, kana kwamba ameulizwa. "Hao nao hawana neno. Si wapo?"

"Baada ya kukitoa kidude, ulimwambia nini zaidi?"

"Njia, kama ulivyosema mwenyewe. Njia ilipoisha nikamwambia mambo yangu. Maiti hamsimulii mtu."

"Mambo gani? Ni maelezo ya polisi haya."

Mzee akajikuna shavu. Alikuwa ameona aibu zaidi kuliko alipokamatwa na uongo.

"Nilimwambia mimi sina pa kushukia. Nyumba ya Xiyu ilishaanguka paa. Nashuka, nakula tambi za chaza kwenye kaunta ya hapo mlangoni, napanda tena. Na yule mwuza tambi hunipa vijiti jozi mbili, kwa sababu siku ya kwanza nilimdanganya kwamba namsubiri mtu. Miaka mitatu sasa. Sijui namna ya kumwambia mtu mwenyewe haji."

"Habari hiyo ya vijiti, nani mwingine anaijua?"

"Nimwambie nani, Afande?" Akatazama chombo cha chakula kwenye meza ile nyingine. "Kwani wewe mchana unakula na nani?"

"Mimi ndiye ninayeuliza," Gao akasema, akamsogezea karatasi aweke sahihi.

Akaweka. Kwa karatasi ile Mzee Ou alikuwa amekufa juu ya bahari, kiasi cha saa saba kasoro robo, na mambo yalikuwa yamekwisha. Lililobaki ni kumwonyesha yule mama wa Java kidude akitambue, kama sheria inavyotaka, halafu kumpa Mzee Hong jibu lake.

"Utakuja na mimi," akamwambia Cai.

"Nikae mbele au nyuma?"

"Mshukiwa hukaa nyuma."

"Nyuma nitakuwa peke yangu."

Gao akamfungulia mlango wa mbele.

*

Milango ya Kanghou haikuwa imebandikwa karatasi nyekundu. Jirani akifia kwake, kila nyumba hubandika ya kwake ili mkosi upite. Leo karatasi zilikuwa zimeshakatwa na watu wamezishika mikononi, wanachungulia madirishani. Kwenye mpaka wa kijiji, kando ya barabara, vijana wawili walikuwa wameshashusha vyuma vya turubai.

Gao akamwacha Cai garini, akapiga hatua hamsini dhidi ya upepo, kifua mbele. Alipofika kwenye uzio wa mawe ya matumbawe vidole vyake vilikuwa havina habari naye.

Mzee Hong alikuwa amesimama nje ya mlango wa ukumbi. Ndani hakutaka kuingia.

"Umekuja na jibu, mwanangu, au umeletwa na upepo?"

"Nina maswali mawili kwa huyo mama kwanza. Simama hapo hapo usikie, lakini usimsaidie."

"Mimi nimsaidie? Atakuambia alifia hapa. Unategemea aseme nini? Alikuwa naye peke yake."

Ukumbini madhabahu yalikuwa yamefunikwa kitambaa chekundu. Mzee Ou alilazwa upande wa kushoto juu ya mbao, taa ya mafuta miguuni, bakuli la wali lenye yai juu yake. Mkekani alikaa Warsiti, mwanamke wa miaka arobaini hivi, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, koti la mzee mabegani. Nyumba nzima hakukuwa na mwingine.

"Ulifika hapa naye akiwa hai?" Gao akauliza.

"Ndiyo, Afande."

"Umejuaje?"

"Alifungua macho akaangalia dari. Nikampa chai kwa kijiko, akaimeza. Akafa saa nane na dakika ishirini. Nilitazama simu kwa sababu sala ya adhuhuri ilikuwa imechelewa kwa ajili ya ndege, nikawa nasubiri atulie nikasali."

Huko mlangoni Mzee Hong akaguna. Maneno yale yangeweza kutungwa na mtu yeyote mwenye huruma, na Gao alijua.

"Aliongea?"

Warsiti akasitasita. "Aliongea. Lakini maneno ya homa, hayana maana. Sikuyasema kwa daktari, nikaona watamcheka."

"Sema kama alivyosema."

"Alisema, 'Yule wa vijiti jozi mbili.' Nikamwuliza nani, Babu? Akasema, 'Yule anayemdanganya mwuza tambi. Mwambie aje ale hapa. Jozi ya pili ni yangu.'" Akaonyesha jikoni kwa kidevu. "Nikadhani anataka vijiti. Nikatafuta kila mahali ili nimridhishe. Humu ndani kuna jozi moja tu."

Gao akatoa daftari. Akasoma maelezo ya Cai kimoyomoyo kutoka mwanzo, kama mtu anayehakiki tiketi.

"Yule mzee aliyekaa na Babu ndegeni, umeongea naye lini?"

"Nilimwomba kiti tu akanikatalia. Basi. Tuliposhuka mimi nilikimbia na gari la wagonjwa."

"Ulisikia wanayosema?"

"Safu nne nyuma, na injini zile? Hata mimi mwenyewe sikujisikia nikiomba Mungu."

Gao akatoa mfuko wa nailoni. "Unakitambua hiki?"

"Ni chetu. Kilipotea. Afadhali," Warsiti akasema. "Kila baridi ikizidi kinatudanganya. Babu vidole vyake ni vya baridi siku zote. Hospitali walikuwa wanamsugua kwanza ndiyo kisome. Mara ya kwanza kililia nikapiga mayowe wodi nzima, kumbe Babu ananitazama tu anacheka."

Gao akakitoa mfukoni, akakibana kwenye kidole chake mwenyewe, kilichotoka kwenye upepo sasa hivi. Kioo kikawaka. Kikafikiri. Kikaonyesha vistari viwili, kisha kikaanza kulia. Ti, ti, ti.

"Mzee Hong," akaita bila kugeuka. "Njoo utazame. Mimi nimekufa."

Mkuu wa kijiji akachungulia, mguu mmoja nje.

"Jirani yake alikitoa hiki akidhani mzee amekata roho," Gao akasema. "Akamsimulia aibu ambayo hajawahi kumsimulia binadamu. Baada ya kukitoa, si kabla. Nina sahihi yake hapa. Huyu mama hakuisikia, na tangu hapo hawajaonana. Sasa niambie, habari ya vijiti ilifikaje ndani ya ukumbi huu kama haikuletwa na masikio ya Mzee Ou?"

Hong akamtazama maiti, akamtazama Warsiti, akatazama kidude kinacholia kwenye kidole cha polisi.

"Hebu kizime hicho, kinatia uchuro," akasema. Akavuta pumzi. "Kwa hiyo alisikia yote."

"Yote."

"Na akanyamaza."

"Alikuwa anakaribia kufika. Angejisumbua kwa nini?"

Mzee Hong akarudi uani, akaweka mikono mdomoni akawapigia kelele vijana wa barabarani wakunje turubai lao. Halafu, bila kumtazama mtu, akavuka kizingiti kwa miguu yote miwili.

*

Cai alikuwa amepangusa ukungu kwenye kioo cha gari, duara dogo, la jicho moja. Gao akaingia, akafunga mlango.

"Hakuwa amekufa," akasema.

"Lini?"

"Ulipokuwa unaongea. Alikuwa hai. Amefia hapa, saa nane na dakika ishirini."

Mzee akageuka taratibu. Damu ikampanda usoni kuanzia shingoni.

"Alisikia?"

"Alisikia."

"Na ile habari ya jino langu la bandia na mama wa ghorofa ya tatu?"

"Hiyo hujaniambia mimi, na sitaki kuisikia."

Cai akafunika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika, na Gao hakuweza kujua kama ni kicheko. Juu ya gari, upepo ulipotulia kidogo, ikasikika ngurumo ya panka mbili ikipanda kuelekea kusini. Ndege ilikuwa imeruhusiwa kuruka.

"Ile ni yangu," Cai akasema ndani ya viganja.

"Ilikuwa yako."

"Alisema kitu? Kuhusu yale niliyomwambia. Alijibu kitu?"

"Alijibu. Alisema uje ule hapa. Alisema jozi ya pili ni yake."

Hakukuwa na kicheko tena. Cai akakaa akiishika chupa yake. Gao akawasha gari, akalizima. Hakukuwa na pa kwenda nalo. Watu walikuwa wanatoka mmoja mmoja kubandika karatasi nyekundu, wanazishika kwa mikono miwili upepo usiwapokonye, na kila aliyemaliza akaingia ndani akafunga.

"Nenda," Gao akasema. "Maelezo yako nitayaandika upya kesho. Umedanganya polisi mara tatu, na uongo mkubwa kuliko yote, kwamba alikuwa mzima, ulikuwa kweli bila wewe kujua. Sijui hata hilo ni kosa la kifungu gani."

Alimsindikiza mpaka mlangoni. Mzee Hong alikuwa amekwisha kwenda kutafuta wapiga tarumbeta. Warsiti alipomwona Cai alimtambua. Akamtazama kwa muda mrefu, yule mtu aliyemnyima kiti, halafu akausogeza mwili wake upande mmoja wa mkeka.

Cai akavua viatu. Akauliza kwa sauti ndogo akae wapi, akaonyeshwa, akaketi karibu na mbao, goti lake likikaribia kuzigusa. Akamwangalia Mzee Ou. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akasogeza chupa ya chai kulia, akairudisha kushoto. Safari hii hakuwa na hakika tena ya kitu chochote kuhusu maiti, nani anasikia na nani hasikii, na maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa yameshasemwa kwa mtu ambaye alikuwa anayapokea.

Ukumbi ukawa kimya kabisa. Kimya hicho kikazidi mpaka Gao, pale kizingitini, akajikuta ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Warsiti akakunja mkono wa koti la mzee, akapunguza utambi wa taa.

"Ongea, Bwana," akasema. "Ukinyamaza atadhani umeshuka."